Kutoka Sasambua hadi Shikilia: Uhakiki wa Istilahi za S Tano Mkabala Unapopanda kutoka Kabati la Wodi hadi Taasisi Nzima

Katika kuta za hospitali nyingi za umma nchini Tanzania, aghalabu juu ya kabati la dawa au pembeni mwa meza ya wauguzi, hubandikwa maneno matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mgonjwa aliyetoka Masaki, kata ya Wilaya ya Kisarawe (si ile Masaki ya rasi ya Dar es Salaam yenye balozi na mahoteli), akapitia hospitali ya wilaya na kupewa rufaa ya kwenda Tumbi, Kibaha, akiyakuta maneno hayo ukutani atayasoma bila mkalimani. Ni Kiswahili, na ni Kiswahili chepesi. Asichoweza kukiona ni kwamba maneno hayo ni ngazi ya kwanza tu ya mkabala wenye ngazi tatu. Ngazi ya pili inaitwa Kaizen. Ya tatu inaitwa TQM, kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya usimamizi wa ubora katika taasisi nzima.

Dai la uhakiki huu ni kwamba mkabala wa S Tano, ulipokuzwa ili ubebe taasisi nzima badala ya chumba kimoja, uliacha Kiswahili chini. Kadiri unavyopanda, ndivyo Kiswahili kinavyopungua, na hasara hiyo ilikwishaanza katika neno la tano, shikilia.

Historia yenyewe inafahamika. Maneno asilia ni ya Kijapani: seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke, na yalikomaa katika viwanda vya Japani, vikiwemo vya Toyota. Yalivuka kutoka kiwandani kwenda hospitalini kwa umaarufu zaidi huko Sri Lanka, katika Hospitali ya Wanawake ya Castle Street mjini Colombo. Mwaka 2007, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA, mkabala huo ulianza kutekelezwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, na kutoka huko ukaenezwa katika hospitali za kanda, za mikoa na za wilaya. Mwongozo wa Wizara uliotolewa mwaka 2009 uliita ngazi ya pili kwa kifupisho cha Kiingereza, CQI, yaani uboreshaji endelevu wa ubora. Toleo la mwaka 2013 lilikiondoa kifupisho hicho na kuweka neno la Kijapani, Kaizen. Badiliko hilo dogo la jalada lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa maana linadhihirisha kwamba uchaguzi wa neno ulifikiriwa upya, na katika kufikiriwa upya huko neno lililotafutwa lilikuwa la Kiingereza au la Kijapani.

Kimuundo, ukuaji wa mkabala huu ni wa busara. Kila idara huwa na timu ndogo ya uboreshaji, na juu ya timu hizo huwepo timu ya uboreshaji ya hospitali nzima. Kazi huanza na vitu: dawa zilizokwisha muda, vitanda vibovu, majalada yasiyoonekana. Baada ya vitu kutulia, timu huhamia kwenye matatizo, ambapo huchagua tatizo moja, hutafuta chanzo chake kwa mchoro wa mifupa ya samaki uliobuniwa na Kaoru Ishikawa, hujaribu suluhisho, hupima na husanifisha kilichofaa. Mwisho, uongozi huufanya utaratibu huo kuwa namna ya kuendesha taasisi yote, pamoja na bajeti na watumishi wake. Hakuna anayerukishwa ngazi. Aliyeshindwa kupanga kabati hapewi nafasi ya kupanga hospitali, na hapo ndipo penye nguvu ya mkabala wote.

Udhaifu uko katika lugha. Katika Kitangulizi cha Tafsiri (2006), Mwansoko na wenzake wanaieleza tafsiri kuwa kazi ya kuhawilisha ujumbe, na nadharia ya Skopos iliyoasisiwa na Hans Vermeer inamtaka mfasiri aongozwe na lengo la matini katika mazingira yake mapya. Lengo la mfasiri wa S Tano lilikuwa wazi: maneno yakumbukwe na kila mtumishi, akiwemo mfagiaji. Kwa lengo hilo herufi S ililindwa kwa gharama yoyote. Si jambo la kubezwa. Takriri ya konsonanti ni mbinu kongwe katika fasihi simulizi ya Kiswahili, na mfuatano wa maneno matano yanayoanza na sauti moja hukaa kichwani kama kitendawili. Wafasiri wa Kiingereza nao walikwishafanya hivyohivyo kabla, na ushahidi uliomo ndani ya maneno ya Kiswahili unaonyesha kuwa yalitoholewa kwenye Kiingereza, si kwenye Kijapani. Seiketsu, kwa mfano, kwa asili ni usafi au utakatifu wa hali. Ni Kiingereza kilichoifanya kuwa usanifishaji, na Kiswahili kikaifuata.

Neno la kwanza ndilo lenye ujasiri kuliko yote. Kwa mzungumzaji wa pwani, kusasambua ni kuvua, kuambua, kuondoa kilichofunika hadi kitu kibaki kama kilivyo. Neno hilo lina ucheshi wake, na katika hadhara ya wanawake linaweza kuchekesha kwa sababu ambazo mwongozo wa Wizara haukuzikusudia. Miongoni mwa vigezo vya istilahi bora ambavyo wanaisimu wa Kiswahili wamevirudia mara nyingi ni kwamba istilahi isiwe na harufu ya utusi. Kwa kigezo hicho sasambua ingeweza kukataliwa. Hata hivyo, linastahili kutetewa. Seiri ni kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika, tendo la uchungu kidogo, kwa kuwa kila ofisi ya umma ina kabati ambalo mwenyewe hataki lifunguliwe. Neno chambua lingekuwa sahihi zaidi kimaana, lakini ni la upole mno. Sasambua linamwambia mtumishi kwamba stoo yake itaachwa utupu mbele ya wenzake, na ndivyo inavyotokea.

Seti ni mkopo wa Kiingereza uliokwishazoeleka, kwani watu huseti saa na huseti nywele. Kasoro yake ni kwamba halizai. Kutokana na safisha hupatikana usafishaji bila shida, lakini anayetaka nomino ya kitenzi seti atataabika. Safisha halina la kusemwa.

Sanifisha ni neno lenye historia nzito kwa msomi yeyote wa Kiswahili. Lugha yenyewe ilisanifishwa. Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa kuisimamia kazi hiyo. Manufaa yalikuwa makubwa, na lahaja zilizobaki nje zilianza kuhesabiwa kuwa makosa. Mkabala wa kazi ukikuzwa hadi taasisi nzima unakutana na mtihani huohuo. Utaratibu uliobuniwa na wauguzi wa wodi moja kwa ajili ya wodi yao ni lahaja. Ukishachukuliwa na uongozi, ukachapwa na kubandikwa kila mahali, unakuwa sanifu, na wodi yenye mazingira tofauti inageuka kuwa yenye makosa.

Ndipo linapofika neno la tano. Shitsuke ni malezi. Ni ile adabu ambayo mtoto hupewa nyumbani hadi ikawa tabia, na herufi yake katika maandishi ya Kijapani imeundwa kwa kuunganisha alama ya mwili na alama ya uzuri. Katika ushonaji, neno hilohilo hutaja uzi wa bandi, ule unaopigwa kwa muda ili kitambaa kishike mstari hadi mshono wa kweli upite, kisha ukafumuliwa. Picha hiyo ni kamili. Msimamizi hukaza mwanzoni, kazi ikishakaa huondoa mkono, na mstari unabaki. Shikilia linasema kinyume chake. Anayeshikilia hana ruhusa ya kuachia, na kitu kinachohitaji kushikiliwa ni kitu ambacho bado kitaanguka. Tena katika Kiswahili cha habari cha leo anayeshikiliwa, mara nyingi, yuko mikononi mwa polisi.

Kiswahili hakikukosa neno. Uzaramoni, ambako Masaki imo, mwali huwekwa ndani na kufundwa na kungwi au somo wake, na mtu mzima mwenye staha husifiwa kuwa alifundwa akafundika. Kufunda ni shitsuke karibu kwa ukamilifu. Ni malezi yanayotolewa na aliyetangulia kwa anayefuata, yana mwanzo na mwisho, na hupimwa kwa mwenendo wa mfundwa baada ya mfunda kuondoka. Kilichokosekana ni herufi S. Herufi ilishinda maana, na katika ngazi ya kabati hasara ilikuwa ndogo, maana kabati kweli linaweza kushikiliwa. Katika ngazi ya taasisi hasara ni kubwa. Taasisi haishikiliki. Watumishi huhamishwa, waganga wafawidhi hubadilika, wafadhili humaliza muda wao, na kinachoweza kuvuka mabadiliko hayo ni tabia iliyofundwa kwa wapya na wale waliobaki.

Sarufi ya maneno hayo nayo inastahili kuangaliwa. Yote matano ni vitenzi vya amri katika nafsi ya pili umoja: sasambua, shikilia. Hakuna sasambueni, wala hakuna tusasambue. Msemaji hajulikani, msemwa ni mmoja, na kitendwa ni kitu. Ilhali ngazi ya tatu ya mkabala inahusu mahusiano ya idara na idara, na ya uongozi na watumishi. Meneja hajawahi kuambiwa ukutani asasambue vikao vyake.

Mkabala huu hauko peke yake katika tatizo hili. Makala ya Takeuchi na Nonaka ya mwaka 1986, iliyochambua jinsi kampuni kama Honda na Canon zilivyounda bidhaa kwa vikundi vidogo, iliwapa waunda programu za kompyuta jina la Scrum, mkabala uliowasilishwa na Sutherland na Schwaber mwaka 1995. Kikundi cha Scrum ni watu wachache wanaoweza kukaa meza moja. Kampuni kubwa zilipoutaka, ilibidi ukuzwe. SAFe ilitoka mwaka 2011 na kuvikusanya vikundi katika “treni” za watu 50 hadi 125, na Nexus ikafuata mwaka 2015 kwa kuunganisha vikundi vitatu hadi tisa. Lawama inayoelekezwa kwa SAFe zaidi ya nyingine ni kwamba juu ya vikundi vyepesi ilirudisha ngazi zilezile za urasimu, zikiwa na msamiati wake ambao mwanakikundi wa kawaida hautumii. Tofauti ni kwamba huko msamiati wa juu na wa chini ni wa lugha moja. Katika hospitali za Tanzania ngazi tatu zina lugha tatu: anayepanga vitu anaamriwa kwa Kiswahili, anayechambua tatizo hufanya Kaizen, na anayeamua husoma TQM katika mwongozo ulioandikwa kwa Kiingereza. Mkabala unaodai kuikumbatia taasisi nzima unaigawa kwa lugha palepale unapodai kuiunganisha.

Inaweza kujibiwa kwamba wauguzi na waganga wamesoma kwa Kiingereza na hawasumbuliwi na vifupisho. Jibu hilo lina nguvu kwa hospitali ya rufaa. Halina nguvu kwa zahanati ya kijiji. Muundo wa timu za idara chini ya timu ya hospitali unachukulia kwamba idara zipo. Kwenye zahanati yenye watumishi wawili au watatu hakuna idara, na mtu mmoja hupima, hutoa dawa, huzalisha na huandika ripoti. Huyo ndiye aliyekusanya ngazi zote tatu mwilini mwake. Ukutani kwake pana Kiswahili, mezani pana Kiingereza, na mama wa Masaki anayefika usiku na uchungu anategemea kwamba mikasi, glavu na dawa ya kuzuia damu viko pale vilipoachwa jana.

Zaidi ya hayo, kituo cha huduma ya msingi kina kamati yake ya afya yenye wawakilishi wa wananchi, ambao hujadili mipango na fedha za kituo. Vikao vyao ni vya Kiswahili. Hao ndio walio karibu zaidi na ngazi ya tatu, yaani taasisi kama jumla, na ndio pekee wasiohamishwa kwa barua. Mjumbe wa kamati hiyo anaweza kusoma maneno matano ya ukutani na kuuliza, kwa haki, kwa nini dawa zilizokwisha muda zingali rafuni. Akitaka kuuliza kwa nini kosa lilelile limejirudia katika robo tatu za mwaka, au nani alipaswa kumfunda mtumishi mpya aliyeletwa Januari, istilahi za mkabala hazimpi neno la kuanzia. Atauliza kwa maneno yake mwenyewe, na katika muhtasari swali lake litaandikwa chini ya mengineyo.