Fundi wa Buyenzi na Gari Lililochoka Topeni

Gari lilifika Buyenzi saa tatu asubuhi, tope limelipaka hadi kwenye vioo. Lilikuwa Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta. Dereva alitoka nalo Gatumba, kwenye tambarare ya mto Rusizi, ambako masika hugeuza ardhi kuwa uji mzito. Shida yake aliieleza kwa maneno machache. Kwenye lami gari ni zima. Likiingia topeni linaishiwa nguvu. Gereji aliyoanzia ilimwambia pampu ya mafuta imekufa na lazima ifunguliwe. Pesa za kazi hiyo alikuwa nazo mfukoni.

Fundi hakugusa boneti. Alivuta kibao, akakaa chini ya mwembe, akamwashiria dereva naye akae. Buyenzi ndiyo Bujumbura ya Waswahili na ya mafundi. Njia zake huitwa kwa namba, na gereji si lazima iwe na ukuta. Kiswahili cha hapo kimelala kitanda kimoja na Kirundi na Kifaransa, na dizeli ni mazutu.

"Nguvu inapotea vipi, mwanangu?"

"Inapotea tu, Mzee."

"Haipotei tu. Injini inalia kwa nguvu na gari limesimama? Au magurudumu yanazunguka bure? Au injini yenyewe ndiyo inayozimika taratibu?"

Kwa maswali hayo matatu alikuwa ameshaligawa gari mafungu matatu. Injini ikilia na gari lisiende, mshukiwa ni klachi. Magurudumu yakizunguka bure, huenda foo-wili haikuingia, au tairi zimekwisha meno. Dereva akafikiri, akasema ni la tatu: injini inafifia kama mtu anayesinzia, mguu ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho. Fundi akauliza, baada ya muda gani? Kama robo saa. Ukizima ukasubiri? Inarudi, Mzee, kisha inachoka tena.

Hapo fundi aliinua kichwa. Mimi niliyekuwa nikitazama sikuelewa kwa nini, na yeye hakusema.

Alianza na visivyo na gharama. Alizunguka gari akigusa kila gurudumu katikati kwa mgongo wa mkono, maana tope likikwama kwenye breki hulishika gari huku dereva akilaumu injini. Yote manne yalikuwa na joto moja. Ndipo akafungua boneti, akafyatua vibanio vya nyumba ya chujio la hewa, akalitoa chujio na kuliinua juani huku akitazama mwanga kati ya mikunjo ya karatasi. Lilikuwa kavu na mwanga ulipita. Chini ya nyumba hiyo kuna kidomo cha mpira cha kutemea vumbi na maji. Alikiminya kwa vidole viwili, kikatema mchanga kidogo. Alikifuta kwa kitambaa, akarudisha kila kitu, akavibana vibanio kimoja baada ya kingine.

Kisha akataka kuona moshi. Gari lilipelekwa kwenye kipande cha njia kilichoachwa na mvua ya usiku kuwa tope tupu. Gia nzito, mafuta hadi mwisho, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Fundi alisimama nyuma mbali kidogo, macho kwenye ekzosi. Dizeli husema kwa moshi: mweusi ni mafuta mengi kwa hewa chache, wa bluu ni oili inayoungua. Dakika zikapita. Mlio ukaanza kushuka, gari likaanza kulegea, na kwenye bomba hakukuwa na chochote cha maana. "Halina moshi," alisema, kama mtu aliyesomewa barua. Injini ilikuwa haipati mafuta ya kutosha hata ya kuchafulia hewa.

Wengi wangeishia hapo na kusema: pampu. Hata mimi.

Yeye alifungua koki ndogo chini ya chujio la mafuta, akakinga kwa gilasi kuukuu ya chai, akaiweka juu ya tofali kivulini. Tukanywa chai katika zile nyingine. Mafuta yanapoadimika, na Burundi miaka hii yameadimika sana, watu hununua ya kwenye madumu, na dumu halina ahadi. Baada ya nusu saa mazutu yalikuwa yamejitenga: juu rangi ya asali, chini maji yasiyofika kijiko. Alitikisa kichwa. Maji hayo yalipaswa kutoka, lakini hayakutosha kulisimamisha gari. Na maji, alisema, hayaondoki kwa kusubiri. Mwenzetu anasema akisubiri nguvu inarudi.

Gari likarudishwa topeni. Mara tu mlio ulipoanza kushuka alipiga kelele lizimwe, akakimbilia kwenye boneti. Juu ya chujio la mafuta kuna kitufe cha pampu ya mkono ya kutolea upepo. Kikibonyezwa kinapaswa kuruka juu chenyewe. Kilikuwa kimelala chini. Alikigusa kwa dole gumba, kikabaki palepale, kimefyonzwa. Akaniita nikiguse, na kwa kweli kilikuwa kama shavu la mtu anayevuta juisi kwa mrija ulioziba. Pampu kuu ilikuwa inavuta kwa nguvu zake zote. Kitu upande wa tangi kilikuwa kinakataa kutoa.

Akaenda nyuma polepole, akachomeka ufunguo kwenye kifuniko cha tangi, akatuashiria tunyamaze. Alipokizungusha tangi lilivuta pumzi: fyuuu, ndefu, ya kushtua. Kwenye boneti, kijana wa gereji akasema kitufe kimeruka.

Tangi linapotoa mafuta lazima liingize hewa mahali pake. Hili halikuwa na pa kuiingizia. Fundi aliufuata kwa vidole mpira mwembamba wa kipumulio kutoka shingo ya tangi hadi ncha yake, karibu na gurudumu. Ncha ilikuwa imezibwa na tope lililokauka kama tofali. Hakulichokoa hapo hapo, lisije likaangukia ndani. Aliuchomoa mpira kwanza, akauzibua kwa spoki ya baiskeli akiizungusha pole, akausuuza kwa mazutu, akaupuliza kwa mdomo mpaka pumzi ikapita bila kikwazo. Alipourudisha aliupitisha juu zaidi ya gurudumu, ncha akaikunja chini kama kishikio cha bakora.

Kikabaki kifuniko. Cha asili kina vali ndogo ya kuingizia hewa. Hiki kilinunuliwa baadaye, chenye kufuli, kwa kuogopa wezi wa mafuta, na hakikuwa na tundu lolote. Kwenye lami injini hunywa kidogo na tangi likavumilia. Topeni, kwa gia nzito, hunywa kwa pupa. Kijana alipendekeza kifuniko kitobolewe kwa drili. "Utaingiza mvua," fundi alimjibu, akainamia kopo la vifuniko vya zamani. Alivijaribu kwa kuvifyonza mdomoni, akivitupa kimoja kimoja, hadi cha tano kilipotoa mlio mdogo, tik, hewa ikaingia.

Jaribio la mwisho lilichukua dakika arobaini topeni, muda mrefu kuliko nilivyoona haja. Alipotoka alikigusa tena kile kitufe kwa dole gumba. Kilibonyea, kikaruka.

Alitaja bei ya kazi ya asubuhi moja na kifuniko kimoja kikuukuu. Pampu haikuguswa.