Kibaba cha Mfuto

Miongoni mwa kazi zisizoimbwa, siioni iliyo adilifu kuliko ya mtu ambaye, akiletewa tarakimu kubwa ya kasi ya kanzidata na kuambiwa kuwa mtambo huu hutimiza miamala maelfu kwa sekunde, hastaajabu, bali huuliza ni miamala ya namna gani, na juu ya data kiasi gani. Wapwani wajua tangu kale kwamba kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwa mkono, na kibaba cha tele, kilichojazwa kwa kichuguu, ni chombo kimoja. Mwenye kazi hiyo hutazama mkono uliopita juu ya kibaba.

Mwaka 1985 mtaalamu wa kanzidata Jim Gray na wenzake, wakijisitiri kwa jina la Anon, walichapisha katika jarida la Datamation kipimo kilichoiga kazi ya benki. Uzuri wake ulikuwa katika masharti: kadiri mwuzaji alivyodai kasi kubwa ndivyo alivyolazimika kuongeza akaunti, 100,000 kwa kila muamala wa sekunde, asije akaitia benki nzima katika kumbukumbu ya kompyuta kisha akatamba. Wauzaji walilipenda jina la kipimo, masharti wakayaacha. Ndipo mwaka 1988 mchambuzi wa tasnia ya kompyuta Omri Serlin akayakusanya makampuni manane, likazaliwa baraza la TPC la kusimamia vipimo hivyo.

Kesi niipendayo ni ya TPC-D, kipimo cha baraza hilo cha mwaka 1995 chenye maswali 17 yaliyojulikana kabla ya mtihani. Maadamu yalijulikana, watengenezaji waliifanya kanzidata iyakokotoe majibu mapema na kuyahifadhi, hata swali zito likajibiwa kufumba na kufumbua. Mwenye hasira atasema huo ni ulaghai. Lakini meneja atakaye ripoti ileile kila mwisho wa mwezi hunufaika kweli kwa hila hiyo, ilhali mchambuzi mwenye swali jipya kila asubuhi haambulii kitu. Hukumu ya mwaka 1999 naiona ya insafu: badala ya kipimo kimoja vikawekwa viwili, TPC-R kwa ripoti zijulikanazo na TPC-H kwa maswali ya ghafla, wala hapana aliyeitwa mwizi.

Taabu kubwa zaidi ni hakimu kuzuiwa mlangoni. David DeWitt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipotoa vipimo vyao mwaka 1983, na kanzidata ya Oracle ikaonekana dhaifu, likaingia katika leseni yake sharti la kukataza kutangaza matokeo ya vipimo pasipo idhini ya mwenye programu. Na sharti hilo hata leo huitwa kwa jina la DeWitt, ambaye hakuliandika wala hakulitaka.