Ufundi wa Kumfuga Farasi-Bahari

Farasi-bahari ni samaki, ingawa anayemwona mara ya kwanza hubisha. Shingo imepinda, kichwa kimeinama, mkia unajikunja na kushika jani, na mahali pa magamba ana ngozi iliyovutwa juu ya pete za mifupa. Meno hana. Mfuko wa chakula tumboni hana. Anachomeza hupita kwenye utumbo upesi, na lishe nyingi hupotea njiani. Pezi lake la mgongoni hupiga haraka kiasi kwamba jicho haliwezi kulifuata, lakini mwendo anaoupata ni wa kusuasua. Nayataja haya mapema kwa sababu mfugaji ninayemsifu hapa huanzia hapo, kabla hajanunua hata kioo. Karibu kila anachoweka ndani ya tangi kinafidia kitu ambacho samaki huyu hakujaliwa.

Tumchukue Hippocampus erectus, mwenyeji wa pwani ya Marekani upande wa Atlantiki, ambaye amezoeleka sana katika matangi ya nyumbani. Wengi huvutiwa na tangi pana na fupi, maana linapendeza mezani. Farasi-bahari anahitaji kimo. Kanuni ya wafugaji ni kina kisichopungua mara tatu ya urefu wa samaki aliyekomaa. Kwa huyu, ni karibu nusu mita kwenda juu, na kama lita 110 za maji kwa jozi moja. Sababu ya kimo ni ndoa. Jike na dume wakikubaliana huinuka pamoja, matumbo yakielekeana, na huko juu jike hutia mayai yake katika mfuko ulio tumboni mwa dume. Dume ndiye anayebeba mimba na ndiye anayezaa. Kina kikiwa haba, safari hiyo hukatika kabla ya wakati na mayai huangukia mchangani.

Kuna dhana ya zamani kwamba kwa kuwa ni mwogeleaji dhaifu, apewe maji yaliyotulia tuli. Dhana hiyo imeua wengi. Maji yaliyotuama huhifadhi mabaki ya chakula na huishiwa na oksijeni. Mfugaji anayejua kazi huyazungusha maji yote mara kadhaa kwa saa, ila huuvunja nguvu mkondo kwa kuupitisha kwenye bomba lenye matundu mengi madogo. Mdomo wa pampu huuvika sifongo, maana mkia unaoshika kila kitu utakwenda kushika na hapo. Kisha hupanda vishikio vya kutosha, mwani hai au matawi ya bandia. Farasi-bahari akikosa pa kujishikiza, hujizungusha kwenye shingo ya mwenzake.

Baada ya hapo huja wiki nne hadi sita za tangi lisilo na samaki. Mgeni akipita sebuleni ataona mawe na maji ya chumvi, na atauliza samaki wako wapi. Kumbe kazi kubwa inafanyika wakati huo: bakteria wanaongezeka juu ya mawe na ndani ya chujio, aina moja ikigeuza amonia kuwa nitriti, nyingine ikigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina sumu kali na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Mfugaji hupima, huandika, hungoja. Mimi humpima fundi kwa wiki hizi kuliko kwa uzuri wa tangi lake.

Joto nalo linataka uangalifu, nyuzi 22 hadi 24 za Selsiasi. Hapo mfugaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana kazi kubwa kuliko wa Chicago. Mtu anaweza kuhoji kwamba katika bahari yetu farasi-bahari huishi kwenye maji ya moto zaidi bila tabu. Ni kweli, lakini bahari ni kubwa na uchafu hausimami mahali pamoja. Ndani ya lita mia na kitu, joto likipanda bakteria wa jamii ya Vibrio hustawi, na hao hushambulia ngozi na mkia mpaka nyama ioze. Asiye na mashine ya kupoza maji huweza kuelekeza feni juu ya tangi, akashusha nyuzi chache. Akumbuke tu kwamba yanayokauka ni maji, chumvi inabaki. Hivyo anachoongeza kila siku ni maji baridi yaliyochujwa, yasiyo na chumvi.

Kwenye chakula ndipo ufundi huu unaponigusa zaidi. Samaki asiye na mfuko wa chakula hawezi kulishwa leo akasubiri kesho kutwa. Mara mbili au tatu kwa siku mfugaji huyeyusha uduvi waliogandishwa, huwasuuza, kisha huwaweka kwenye kombe la chaza, mahali pale pale kila mara. Samaki huja taratibu, pua chini. Jicho moja linamtazama uduvi, la pili linageuka kukutazama wewe, maana macho yake huzunguka kila moja kwa njia yake. Anasogeza pua karibu sana, anasimama. Ghafla kichwa kinaruka juu na uduvi hayupo. Chumba kikiwa kimya utasikia "tik" kupitia kioo. Mwaka 2013 mtafiti Brad Gemmell na wenzake walionyesha kwamba umbo la kichwa hicho huyaacha maji yaliyo mbele ya pua karibu bila kutikisika, hivyo windo halihisi hatari mpaka limefikiwa. Walimchunguza farasi-bahari mdogo wa Atlantiki, mwindaji ambaye mara chache hukosa.

Mlo ukiisha, mabaki hufyonzwa kwa mpira mwembamba siku hiyo hiyo. Na mfugaji huwa ameshaona nani amekula na nani amegeuza uso, kwa sababu ugonjwa mara nyingi hujitangaza kwa kukataa chakula kabla ngozi haijaonyesha lolote.

Anayeamka mapema hupata zawadi yake. Amanda Vincent, aliyewachunguza farasi-bahari baharini huko Australia, alieleza jinsi dume na jike wake wanavyosalimiana kila alfajiri, wakibadili rangi na kuzunguka pamoja kabla ya kuachana kwenda kutafuta chakula. Ndani ya tangi jozi iliyotulia hufanya vivyo hivyo, mradi taa isiwashwe kwa kishindo.

Vincent huyo ni miongoni mwa waliofanya dunia iwajali viumbe hawa, kupitia mradi wa uhifadhi wa Project Seahorse ulioanzishwa mwaka 1996. Tangu Mei 2004 biashara ya kimataifa ya farasi-bahari wote iko chini ya mkataba wa CITES, na hawaruhusiwi kusafirishwa kibiashara bila kibali. Pwani ya Afrika Mashariki inahusika moja kwa moja: hapa yuko farasi-bahari twiga, Hippocampus camelopardalis, mkaaji wa nyasi bahari, na kutoka Kenya na Tanzania wamekuwa wakikaushwa na kupelekwa Asia kutengenezwa dawa. Aliyevuliwa akiwa hai naye mara nyingi hafai tangini. Amezoea windo linalokimbia, uduvi aliyekufa hamtambui, na hufa njaa mbele ya sahani iliyojaa.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na nia ya kuanza, muulize muuzaji samaki huyu amezaliwa wapi, kisha uombe umwone akila uduvi waliogandishwa mbele ya macho yako. Jibu likiwa baharini, au samaki akikataa kula, usimnunue hata kwa bei ya kutupa. Na ukimkuta kwenye nyasi bahari za pwani yetu maji yakiwa yamekupwa, mwache hapo hapo alipo.