Jaji Aliyetekwa na Joho Lake

Januari 1947, mjini Tel Aviv, wapiganaji wa Irgun, kundi la Kiyahudi lililopinga utawala wa Waingereza huko, waliingia mahakamani wakamteka Jaji Ralph Windham, wigi kichwani na joho mwilini. Walitaka mwenzao, Dov Gruner, aliyehukumiwa kifo na Waingereza, asinyongwe. Kunyonga kulipoahirishwa, jaji akaachiwa. Gruner alinyongwa Aprili.

Mwingine angerudi kwao Uingereza akapalilie maua. Windham akaenda Ceylon, kisha Kenya, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar mwaka 1955 na wa Tanganyika mwaka 1960. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Ukoloni siusifu, na mahakama zake ziliwabagua wenyeji mchana kweupe: Mwafrika alikuwa na baraza lake, Mzungu na lake. Lakini Uhuru ulipofika Desemba 1961, mzee huyu hakufunga virago. Alibaki kitini, akitumikia nchi iliyokuwa ikijifunza kuwa na mahakama yake yenyewe, tena ikiwa na wanasheria wazalendo wa kuhesabika vidoleni. Mwaka 1965 akampisha Telford Georges, mwana wa Karibiani. Zamu ya Mtanzania, Augustine Saidi, ilifika 1971.