Pwani ya Shumba kwa Kipimo cha Shubiri

Pemba haijapata kuwa na reli ya abiria. Unguja ilipata maili 7 tu, kutoka mjini hadi Bububu, kuanzia mwaka 1905, na huduma hiyo nayo ilikoma kabla ya miaka ya 1930. Kwa hiyo sanaa ya reli za mfano, ambayo watu wa Ulaya na Marekani huitumikia kwa miaka mingi juu ya meza zao, yaweza kuonekana jambo la mbali na Shumba, kijiji cha pwani katika Wilaya ya Micheweni. Lakini ukiiondoa treni, kinachosalia juu ya meza ni mandhari: kilima, mti, paa, njia ya miguu, ukingo wa maji. Hapo suala linakuwa la kila mtu aliyejaribu kuionesha pwani yake, kwa mkono au kwa kalamu.

Katika kijiji cha Long Wittenham, Uingereza, ipo Makumbusho ya Pendon iliyoanzishwa mwaka 1954 na Roye England. Bwana huyu alizaliwa Australia, akafika Uingereza mwaka 1925, akaziona nyumba za kale zilizoezekwa kwa nyasi zikibomolewa au zikivuliwa mapaa yao. Hakuwa na uwezo wa kuzizuia. Aliamua kuzijenga upya kwa kadiri ya milimita 4 kwa kila futi moja, yaani sehemu moja kwa 76, nyumba moja baada ya nyingine, zikiwa na bustani na vichochoro vyake. Treni zinapita humo, lakini mgeni wa mandhari yale ni treni. Mwenyeji ni kijiji.

Mbinu za kazi hii si siri. Mifupa ya kilima ni wavu uliopakwa plasta. Vumbi la mbao lililotiwa rangi huwa majani. Rangi za mbali hufifishwa ili jicho lidhani kuna masafa, na maji hufanywa kwa vanishi, tabaka juu ya tabaka. Yote haya hujifunzwa. Lisilojifunzwa kwa urahisi ni adabu ya kutazama: kukubali kwamba kitu kiko kama kilivyo, wala si kama picha ya posta inavyotaka kiwe.

Tuseme Shumba imewekwa juu ya meza kwa kadiri ile ile. Mnazi wa mita 20 utasimama sentimita 26, shubiri moja na ziada kidogo. Mvuvi wa kimo cha kawaida atakuwa sentimita 2 na kitu. Tofauti ya maji ya bamvua baina ya kujaa na kupwa, ambayo hukaribia mita 4, itakuwa sentimita 5. Baada ya vipimo huja mtihani wa ukweli. Fundi asiyeijua Pemba atapanda mikarafuu kila mahali, kwa kuwa amesikia kwamba Pemba ni karafuu. Mikarafuu hustawi kwenye vilima vya udongo mzito vya magharibi na katikati ya kisiwa. Ukanda wa kaskazini-mashariki ni ardhi ya maweni, yenye vichaka na mawe yanayochoma unyayo. Fundi huyo huyo ataezeka kila nyumba kwa makuti, kwa kuwa makuti yanapendeza, na ataficha bati lenye kutu. Atasahau mashimo ya makumbi, yanayofukiwa kwenye mchanga wa maji miezi kadhaa hata yaoze, kisha yatwangwe na kusokotwa kamba. Atasahau harufu pia, lakini hilo atasamehewa.

Kuna kosa moja ambalo hata fundi bora hawezi kulikwepa. Pwani ina nyuso mbili kila siku, na meza ina uso mmoja. Fundi akichagua maji kujaa, amewafukuza wanawake wanaookota chaza na kome. Akichagua maji kupwa, ngalawa zote zimelala ubavu juu ya ndubi zao, na bahari imekuwa mstari wa mbali. Kuchagua ni lazima, na katika kuchagua ndipo msanii anapojulikana.

Watoto wa pwani huliepuka tatizo hili bila nadharia. Huchonga kijidau cha mti mwepesi, wakakitia mlingoti, foromali na tanga la mfuko wa plastiki, wakakipeleka kwenye maji yenyewe. Upepo ukibadilika, tanga hubadilishwa. Kilinganishe na jahazi dogo linalouzwa kwa wageni, lililong'arishwa na kupigiliwa juu ya kibao. Hilo lina kila ubao, lakini halina bahari, limekuwa pambo.

Hata hivyo pambo halidharauliki. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba na kusafiri kwa tanga la mkeka, ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 ulipojengwa mwingine ndani ya Beit al-Ajaib, Unguja, mafundi walihitaji mifano midogo na picha za zamani ili kujua umbo lake. Kilichowekwa kwa uaminifu katika udogo kilirudi katika ukubwa. Fundi wa mfano aliyeacha mshono mmoja kwa uvivu aliwanyima watu asiowajua. Na hilo jengo la Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, limefundisha tena kwamba hata nyumba kubwa huhitaji kumbukumbu iliyopimwa.

Ushairi una mizani yake, nao ni kazi ya kadiri. Mtunzi wa Al-Inkishafi, alipotaka kuililia Pate, hakutosheka kusema kwamba dunia hupita. Aliingia ndani ya nyumba, akaonesha vidaka vilivyokuwa na vyombo vya thamani vikiwa viota vya ndege, na popo wakining'inia. Beti nyingi za leo zinazoitaja bahari hazina upepo wenye jina. Hazisemi kama ni kaskazi au kusi, kama chombo ni dau au mashua, kama maji yanapwa au yanajaa. Vina vimetimia, mizani imetimia, pwani haimo. Katika kisiwa cha Kamange na Sarahani, upungufu huo ni deni.

Shumba inabadilika, kama kilivyobadilika kijiji alichokipenda Roye England. Mapaa yanabadilika, na kamba za nailoni zimechukua nafasi ya makumbi. Anayetaka kuihifadhi, kwa plasta au kwa beti, aanze kwa kushuka pwani mara mbili kwa siku moja, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, kabla hajachagua.