Sitara na Jeraha: Michoro ya Henry Tonks

Katika ada zetu jeraha hufunikwa. Mgonjwa husitiriwa, na mwenye kutangaza kasoro ya mwili wa mwenziwe huhesabiwa mkosa adabu. Tuitazame vipi, basi, michoro ya Henry Tonks, tabibu aliyewachora askari walioharibiwa nyuso kwa risasi na mizinga?

Tonks, Mwingereza (1862–1937), alihitimu upasuaji kabla ya kuwa mwalimu katika skuli ya sanaa ya Slade, London. Vita Vikuu vya Kwanza vilimrejesha hospitalini. Mwaka 1916, huko Aldershot, daktari mpasuaji Harold Gillies alimtaka awachore majeruhi wake, kabla ya kutengenezwa nyuso na baada yake. Kazi ilikuwa ya kitabibu: kuhifadhi kumbukumbu ya kilichopotea na kilichorudishwa. Tonks aliifanya kwa chaki za rangi.

Hapa tabibu na msanii wanagombea mkono mmoja. Tabibu anataka jeraha, msanii anamtaka mtu. Itazame taya iliyovunjika: aliyeichora anajua mfupa ulipaswa kuishia wapi, na ni msuli gani uliokosa pa kushika. Hakutia chumvi wala hakulia. Kisha yapandie macho. Katika michoro kadhaa macho ni mazima, yametulia, nayo yanatutazama. Chaki ile laini, iliyozoeleka kupamba mashavu ya mabibi, imeigusa nyama iliyochanika kwa upole uleule.

Wapo watakaosema michoro hii ingebaki kabatini mwa madaktari, na Tonks mwenyewe aliona haifai kwa macho ya umma. Hoja hiyo ina uzito. Askari yule alikaa mbele yake kwa ajili ya tiba. Hakukaa kwa ajili yetu. Lakini sitara ina maana pana kuliko kuficha. Anayevunja sitara ni yule aonaye jeraha akaacha kumwona mwenye jeraha. Tonks amewaona wote wawili, na ndiyo maana naihesabu kazi yake kuwa ya heshima.

Vita hivyohivyo vilipita kwetu. Wapagazi waliolipa Kariakoo jina lake walikufa kwa maelfu, kwa maradhi, njaa na uchovu, nao hawakupata Tonks wao. Nyuso zao hatuzijui. Anayedhani kwamba kufunikwa daima ni heshima, na awakumbuke hao.