Geji Mbili, Hitilafu Moja: Dashibodi ya Land Rover 109

Dashibodi ya Land Rover 109 ya Series III ina saa mbili kubwa mbele ya dereva. Moja ni spidomita. Ya pili imegawanywa: upande mmoja unaonyesha mafuta yaliyomo tenkini, upande mwingine joto la maji ya injini. Pamoja nazo zipo taa ndogo za tahadhari, zikiwemo za chaji, oili, indiketa na fulu. Gari hilo lilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, likaunganishwa pia Thika, Kenya, na kwa miaka mingi ndilo lililofika kwenye vituo vya misheni, kambi za askari wa wanyamapori na vijiji ambavyo basi halikuweza kufika. Mengi bado yako barabarani, na kadiri yanavyozeeka hitilafu moja ya dashibodi hujirudia: mshale wa mafuta unasema tenki limejaa wakati limebaki nusu, na mshale wa joto unaegemea kwenye nyekundu ilhali injini haichemshi.

Hitilafu hiyo hutengenezeka nyumbani kwa bisibisi, msasa laini, mita ya umeme na taa ya kupimia. Kinachopungua mara nyingi si vifaa bali mpangilio wa kupima. Fundi anayeanza kwa kubadilisha atanunua geji, kisha floti ya tenki, kisha sensa ya joto, na mishale itabaki pale pale, kwa sababu vifaa vyote vitatu vilikuwa vizima. Swali la kwanza liwe: geji hizi mbili zinashirikiana nini? Ni vigumu geji ya mafuta na ya joto kuharibika siku moja, kwa namna moja, kila moja kwa sababu yake. Zikikosea pamoja, kosa liko mahali ambapo umeme wao bado ni mmoja.

Ndani ya kila geji kuna ukanda mwembamba wa metali mbili zilizogandamanishwa, na ukanda huo umezungushiwa waya mwembamba sana. Umeme ukipita, waya hupata joto. Metali moja hutanuka kuliko nyenzake, ukanda hujikunja, na mkunjo huo husogeza mshale. Ndiyo maana mishale ya gari hili hupanda polepole swichi inapofunguliwa, ikachukua karibu nusu dakika kutulia. Wanaozoea magari mapya huona hiyo ni kasoro. Kwa kweli ni ubora: kwenye barabara ya makorongo mafuta huyumba tenkini muda wote, na geji nzito ya namna hii haiyumbi nayo.

Ubora huo una gharama yake. Joto la waya halipandi sambamba na volti, bali kwa mraba wake. Volti zikitoka 10 zikafika 14, nguvu inayoupasha ukanda huongezeka karibu mara mbili. Na betri ya gari haikai kwenye volti moja: ikiwa imetulia na imejaa hutoa kama 12.6, altaneta ikichaji hupanda hadi 14 hivi, na usiku taa na waipa zikifanya kazi hushuka. Geji iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri ingeonyesha mafuta yakiongezeka kila dereva anapokanyaga akseleta. Kwa hiyo waundaji waliweka kati ya betri na geji kifaa kidogo cha kutuliza volti, stabilaiza, kinachozipa geji zote mbili umeme wenye nguvu ya kupasha sawa na volti 10 tulivu, hata kama betri inapanda na kushuka.

Stabilaiza ya zamani ni kikopo cha bati kilichofungwa nyuma ya paneli, chenye vichwa vya waya vilivyoandikwa B na I. B hupokea umeme wa betri kupitia swichi na fyuzi. I huupeleka kwenye geji. Kikopo kikifunguliwa huonekana ukanda mwingine wa metali mbili, umezungushiwa waya wake wa kupasha, na ncha yake imebeba kontakti ndogo inayogusa nyingine. Umeme huingia, hupita kwenye kontakti kwenda kwenye geji, na sehemu yake hupita kwenye waya wa kupasha kwenda ethi, yaani kwenye bodi ya gari, kupitia kikopo chenyewe. Ukanda ukipata joto hujikunja, kontakti huachana, umeme hukatika. Ukipoa hurudi, kontakti hugusana tena. Kazi yake yote ni kukata na kuunga, na kwa kuwa geji ni nzito hazioni kukatika huko. Huona wastani wa joto tu.

Hapo ndipo chanzo cha hitilafu kinapojitokeza. Waya wa kupasha unategemea ethi ya kikopo. Skrubu inayokishika ikilegea, au kutu na vumbi vikiingia kati ya kikopo na paneli, waya huo haupati njia ya kurudisha umeme. Usipopata joto, ukanda haujikunji. Usipojikunja, kontakti haziachani kamwe. Stabilaiza inageuka kipande cha waya mtupu, na volti zote za betri zinazifikia geji mbili kwa pamoja. Tokeo hilohilo hupatikana kontakti zikigandana kwa cheche za miaka mingi. Kinyume chake, kontakti zikiungua au kuchafuka zisigusane tena, geji zote mbili hulala kwenye sifuri.

Kabla ya kufungua chochote, injini yenyewe itazamwe, kwa maana mshale ulio kwenye nyekundu huenda unasema kweli. Kiwango cha maji kikaguliwe injini ikiwa baridi, na mpira wa juu wa rejeta usikilizwe kwa mkono baada ya gari kutembea. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Injini ikiwa salama, kuna kipimo cha bure kinachofanywa dereva akiwa amekaa kwenye kiti: swichi ifunguliwe bila kuwasha, mishale iachwe itulie na nafasi yake ikumbukwe, kisha injini iwashwe na ipandishwe mizunguko kidogo. Mshale wa mafuta ukipanda altaneta inapoanza kuchaji, stabilaiza haitulizi kitu. Geji zikiwa zimekufa zote mbili, zitazamwe indiketa na taa za breki, maana nazo hupata umeme wa fyuzi unaopitia swichi. Zikiwa zimekufa pia, huenda kazi yote ikaishia kwenye fyuzi au mguu wake ulioshika kutu.

Paneli hufunguliwa baada ya kuondoa waya wa hasi wa betri. Skrubu za mbele zikitolewa, kebo ya spidomita huachiwa kwa nyuma, na paneli huvutwa taratibu kuelekea usukani. Picha ya simu ipigwe kabla ya waya wowote kuchomolewa. Rangi za nyaya zikiwa bado za kiwandani husaidia sana: kijani ni umeme wa fyuzi unaokuja kupitia swichi, kijani hafifu ni ule uliopita kwenye stabilaiza kwenda kwenye geji, kijani chenye mstari mweusi huenda kwenye floti ya tenki, kijani chenye mstari wa buluu huenda kwenye sensa ya joto, na nyeusi ni ethi. Kwenye gari lililopita mikono ya mafundi wengi rangi hizo zisiaminiwe kabla ya kupimwa.

Betri ikirudishwa na swichi kufunguliwa, waya mmoja wa taa ya kupimia hushikwa kwenye bodi na mwingine kwenye I. Stabilaiza nzima huifanya taa iwake na kuzima, iwake na kuzima. Taa ikiwaka moja kwa moja bila kukatika, ama ethi imepotea ama kontakti zimegandana. Ikibaki gizani huku B ikiwa na umeme, kontakti zimekufa. Kwa kipimo hiki taa ya senti chache inaizidi mita ya kidijitali, kwa kuwa namba za mita zitarukaruka kati ya sifuri na volti za betri na hazitasema lolote la maana. Mita ya mshale nayo hufaa.

Taa inapowaka mfululizo, kipande cha waya kiunganishwe kati ya kikopo na ethi safi ya bodi. Taa ikianza kukatika baada ya muda mfupi, stabilaiza ni nzima na ilikuwa inalilia ethi tu. Mahali pa skrubu husuguliwa kwa msasa hadi bati ling'ae, kikopo hurudishwa na kukazwa, na ni busara kuongeza waya wa ethi wa kudumu kutoka kwenye skrubu hiyo hadi kwenye bodi, badala ya kutegemea paneli yenye rangi na vumbi. Kazi ya robo saa, na gharama yake ni waya mmoja.

Kama kontakti ndizo zilizogandana, kuzichokonoa ndani ya kikopo hakufai. Uso ulioungua utaungua tena, na marekebisho ya kiwandani yakivurugika hakuna njia rahisi ya kuyarudisha. Mbadala mzuri ni kidhibiti cha kielektroniki cha volti 10, aina ya 7810, kinachopatikana kwa wauza vipuri vya redio kwa bei ndogo. Kina miguu mitatu: kikitazamwa upande wenye maandishi na miguu ikielekea chini, wa kushoto ni wa kuingiza umeme, wa kati ni ethi, wa kulia ni wa kutoa. Kapasita mbili ndogo, kama mikrofaradi 0.33 upande wa kuingiza na 0.1 upande wa kutoa, hulehemiwa kati ya miguu hiyo na ethi, karibu kabisa na kidhibiti, kukizuia kisitetemeke. Bati la mgongoni limeungana na ethi, kwa hiyo kikifungwa kwa skrubu kwenye chuma kilichosuguliwa hupata ethi na pa kupozea joto kwa wakati mmoja. Geji mbili hazifikii ampia moja kinayoimudu. Sharti ni kwamba hasi ya betri iwe ndiyo ethi ya gari. Land Rover za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa na ethi chanya, na huko kidhibiti hiki kingeungua papo hapo.

Hali ni tofauti geji moja inapokosea peke yake. Stabilaiza husamehewa, na uchunguzi hufuata waya wa geji hiyo. Floti na sensa ya joto hufanya kazi kwa kubadilisha ukinzani: tenki likijaa, au maji yakipata moto, ukinzani hushuka na umeme mwingi zaidi hupita kwenye geji. Kwa hiyo waya ukikatika mshale hulala, na waya ukichubuka na kugusa bodi mshale hupanda hadi mwisho. Floti hupimwa kutoka kwenye dashibodi, bila kusogelea tenki la petroli: waya wa kijani na mweusi huchomolewa kwenye geji, na mita husoma ukinzani kati ya waya huo na ethi. Tenki tupu husoma kadiri ya omu 240, lililojaa kadiri ya omu 30, na namba hupishana kidogo kwa aina ya floti. Usomaji ulio juu kupita kiasi mara nyingi ni ethi ya tenki iliyoliwa na kutu huko chini, si floti. Geji nayo hupimwa kwa kuweka rezista ya omu 33 mahali pa floti. Mshale ukipanda karibu na kujaa, geji ni nzima. Kugusisha waya wa geji moja kwa moja kwenye bodi ni kipimo cha mafundi wengi, lakini kikidumu zaidi ya sekunde chache waya mwembamba wa ndani huumia.

Paneli ikiwa bado wazi, taa ya chaji haifai kupitwa. Glopu yake ya wati 2.2 si ya kuonya tu: umeme unaopita ndani yake ndio unaoiamsha altaneta ya Lucas injini inapowashwa. Ikiungua, altaneta inaweza kukaa bila kuchaji mpaka injini ipandishwe mizunguko mingi, na dereva hubadilisha betri akidhani imekufa. Swichi ikifunguliwa injini ikiwa imezimwa, taa hiyo lazima iwake. Glopu ya LED isiwekwe hapo, kwa kuwa umeme inaoupitisha ni mdogo mno.

Spidomita haina uhusiano na umeme huo isipokuwa kwa taa ya usiku. Kebo inayotoka kwenye giaboksi huzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini, na mvuto wake hukisukuma kikombe chenye mshale dhidi ya springi. Umbo hilo Otto Schulze wa Strasbourg alilisajili mwaka 1902. Mshale unaoruka-ruka mwendo mdogo karibu daima ni kebo kavu au iliyokunjika. Kebo ya ndani huvutwa nje, husafishwa na kupakwa grisi kidogo, isipokuwa sehemu ya juu, maana grisi ikipanda hadi kwenye spidomita huugandisha mshale.

Paneli ikirudishwa, kipimo cha mwanzo hurudiwa: swichi hufunguliwa, mishale huachwa ipande na kutulia, injini huwashwa na kupandishwa mizunguko. Safari hii mshale wa mafuta hautikisiki altaneta inapochaji, na ule wa joto hupanda kidogo kidogo maji yanavyopata moto, ukasimama thamostati inapofunguka.